Msimu Majembe Yalipolala

Picha ya mjukuu wangu imetundikwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mgeni akiingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Amevaa kombati, bereti imelala upande, kidevu kiko juu kama anamwambia mpiga picha afanye haraka. Niliitundika mwenyewe kwa misumari miwili, maana msumari mmoja ni wa watu wasio na uhakika. Kila aliyekuja kwangu kunywa kahawa nilimwambia: binti huyu nimemlea mimi, kwa ndizi za kibanja hiki, shamba letu la nyumbani, na maharage ya mikono hii. Na wazo la kwenda jeshini nilimpa mimi.

Hilo la mwisho nilikuwa nalisema kwa sauti kubwa. Siku hizi nalisema kwa sauti ndogo.

Ni dereva wa malori ya jeshi. Walipompeleka Kongo alinipigia simu akasema, "Bibi, tunakwenda kulinda amani." Nikaona fahari mpaka nikamwomba mwinjilisti atangaze kanisani, na akatangaza, na mimi nikasimama ili watu wanione vizuri. Mtu anayelinda amani nilimwona kama mlinzi wa ghala: anakaa kwenye kiti, ana kurunzi, mwizi akimwona anapita mbali.

Halafu redio ikaanza kubadilika. Kwanza ilisema amani. Baadaye ikasema hali ya usalama. Baadaye ikasema mapigano, na majina ya miji ambayo ulimi wangu haukuyaweza. Ni kama maziwa. Jioni umeyaacha mazuri, asubuhi unayakuta yameganda, na hujui yaligeuka saa ngapi. Hakuna aliyekuja kijijini kutuambia kwamba ile amani sasa ni vita.

Nyumbani tunakaa wawili, mimi na mkamwana wangu, mama yake huyo askari. Mwanangu alifariki mtoto akiwa anatambaa, tukamlea sisi wanawake. Wazazi wa mkamwana wangu walikuja kutoka Rwanda zamani, yeye akazaliwa hapa Isingiro, kitovu chake kimezikwa hapa. Lakini watu wakigombania mpaka wa shamba, hakosi mmoja wa kumwambia arudi kwao. Kwa hiyo amejifunza kukaa kimya. Anaweza kumaliza siku nzima na maneno kumi, na matano kati ya hayo ni kuniuliza kama nimekula. Huko Kongo wapo watu wa kila upande wanaosema Kinyarwanda, lugha ya baba yake. Aliniambia mara moja tu: "Mama, mwanangu akimsikia mtu analia kule, ataelewa anachosema."  

Basi ndipo likaja jeneza. Si letu. La kwa rafiki yangu, mjane mwenzangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu ukishuka. Tulipata kipaimara siku moja, yeye na mimi, tukiwa tumeazima viatu. Kitinda mimba wake alikuwa askari na alipelekwa Kongo kabla ya mjukuu wangu. Akarudi amefunikwa bendera.

Askari walimzika vizuri, siwezi kusema uongo. Walitembea sawasawa, wakapiga risasi juu, kuku wa kijiji kizima wakakimbilia migombani. Mkubwa wao akasoma karatasi kwamba marehemu alifariki akitekeleza jukumu la kulinda amani. Rafiki yangu akauliza, si kwa kelele, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Amani ya nani?"

Mkubwa yule hakuwa mtu mbaya.  Akaikunja bendera, akampa. Rafiki yangu akaishika kama unavyoshika mtoto wa mtu mwingine unayeogopa atakukojolea.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye majani makavu. Nilimlilia kijana wake, Mungu anajua. Lakini nyuma ya kila chozi lilikuwepo lingine lililopanga foleni, na hilo lilikuwa langu.

Sasa nieleze jambo la majembe, maana bila hilo mtu hataelewa kilichotupata.

Kwetu msiba ukiingia, majembe yanalala. Si nyumba yenye msiba tu, kitongoji kizima. Utachuma ndizi, utapika, utachota maji, lakini chuma hakigusi udongo mpaka matanga yaondolewe. Na anayeondoa matanga ni mwenye msiba. Anashika jembe, anapiga udongo wake mara ya kwanza, ndipo sisi wengine tunaruhusiwa. Mtu akisikika analima kabla ya hapo, watu hawaulizi kama ana njaa. Wanauliza alikuwa na haraka gani. Wazee walisema wazi: anayelima msibani ndiye aliyemfungulia kifo mlango. Na wanawake tulio msibani tunajifunga majani makavu ya mgomba kiunoni, yale yanayoning'inia kwenye shina, mpaka siku hiyo ya jembe.

Siku ya nne wazee wakamletea rafiki yangu jembe lake pale alipokaa. Akaliangalia.

"Sishiki," akasema.

"Mama, mvua ya vuli hiyo imeanza," mzee mmoja akamwambia. "Maharage hayangoji."

"Naisikia. Inanyesha mpaka kwenye kaburi. Waje waliomleta waniambie mwanangu alikufia nini. Wakiniambia nikaelewa, nitalima siku hiyo hiyo."

Wazee wakatazamana. Mambo ya msiba wanayajua yote: nani akae wapi, nani ale kwanza, mkwe asimame wapi. Hili hawakulijua. Wakaliegemeza jembe ukutani, wakaenda zao.

Hakuna aliyepanga lolote. Wanasema watu wakiandamana kuna aliyewapanga. Sisi hatukupangwa na mtu. Mwenye msiba hajalima, basi sisi tungelimaje? Siku ya tano ikapita, ya sita, ya saba. Nyumba ya rafiki yangu ni ndogo na wanawake waliendelea kuja, tukajaa mpaka tukatokea barabarani, karibu na ofisi ya kata. Tukatandika majani tukakaa hapo. Hatukuwa na bango. Hatukuimba. Bodaboda waliokuwa wanakwenda Rubwera walipunguza mwendo, wakatusalimia kwa sauti ya msibani, na abiria wao wakapeleka habari mbele. Baada ya siku chache habari ikaturudia ikiwa na nguo mpya: wanawake wa huko wamegoma kulima kwa sababu ya vita. Hatukuwa tumesema hivyo. Lakini niliposikia, nilijua ndivyo ilivyo, na nikaogopa.

Maana mimi nilikuwa kwenye mtego ambao wenzangu hawakuwa nao. Majani ya mgomba hujifungi ovyo. Nikiwa mtoto, tulicheza mchezo wa msiba, nikajifunga. Mama alinichapa mpaka fimbo ikachoka. "Unamwita nani?" aliniuliza kila pigo. "Unamwita nani?" Kumwombolezea mtu aliye hai ni uchuro. Na mimi nilikuwa na mtu aliye hai, tena yuko kule kule alikotoka lile jeneza. Nikijifunga, namwita. Nikiacha, naonekana simlilii mtoto wa rafiki yangu. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda nimeyashika majani yangu mkononi kama mtu aliyetumwa kuyapeleka mahali, nikakaa pembeni, tako moja kwenye majani, tako moja kwenye udongo.

Mke wa mwenye duka alilitambua hilo upesi. Huyo macho yake yamezoea kusoma mizani.

"Bibi wa mwanajeshi," akasema, "mbona hujajifunga? Unaogopa gauni litachafuka?"

"Naogopa kitu kingine."

"Sote tunaogopa. Ila sisi tumekaa mzimamzima."

Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile cha puani. Rafiki yangu hakucheka. Hakugeuka hata.

Siku iliyofuata mtendaji wa kata alikuja nyumbani. Kijana, ameoga vizuri, kalamu mbili mfukoni. Akanipa shikamoo ya kuinama, nikamwitikia, nikamtilia kahawa. Akaiangalia picha ukutani.

"Bibi, mimi ni kama mjukuu wako."

"Wajukuu wangu nawajua. Kunywa kahawa, sema."

Akacheka. "Nyinyi akina bibi wa huku. Sikiliza. Alhamisi anakuja mkubwa kutoka wilayani kuongea na akina mama. Tunaomba usimame useme maneno mawili tu. Kwamba unajivunia mjukuu wako, na kwamba unawaomba wenzako warudi shambani. Basi."

"Na nisiposema?"

"Ah, Bibi. Nani atakulazimisha?" Akapuliza kahawa. "Ila una mtu jeshini. Maneno siku hizi yanasafiri kuliko basi. Usije ukamharibia mtoto kazi."

Mkamwana wangu alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Mtendaji akamgeukia. "Na wewe, mama, wewe ni mtu wa wapi vile?"

"Wa hapa."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Akacheka tena, akaaga, akapanda pikipiki. Labda aliuliza tu, kama watu wanavyouliza. Lakini mkamwana wangu aliendelea kumenya, na maganda yakawa manene, nusu ya ndizi ikaenda kwa mbuzi, na yeye ni mtu ambaye maganda yake unaweza kuona mwanga kupitia kwayo. Simu yake ilikuwa imewekwa juu ya kinu, mahali penye mtandao. Mtoto wake wa jeshini alikuwa hajapatikana kwa wiki tatu. Kila tulipopiga, yule mwanamke wa kwenye simu alitujibu kwa adabu zake.

Asubuhi ya Jumatano niliamshwa na mlio. Kwanza nilifikiri ni moyo wangu, maana siku hizo ulikuwa unapiga vibaya. Pu. Pu. Pu. Nikakaa kitandani. Ule ni mlio ambao nimeusikia kila msimu tangu nizaliwe na sijawahi kuuogopa. Ni jembe, kwenye udongo uliolowa, na lilikuwa kibanjani kwangu.

Nikatoka na kanga moja. Umande ulikuwa mzito. Chini ya mibuni, kule mwisho, mkamwana wangu alikuwa ameinama analima, hainui kichwa, kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa amegeuza udongo kiasi cha mkeka mmoja.

"Wewe," nikamwambia. "Unataka kutuua?"

Akasimama. Uso ulikuwa umelowa na si jasho. "Mama, sitaki kumwombolezea mtoto mzima. Kila siku jembe linalala, naona kama namzika. Wiki mbili namzika kila asubuhi. Nimechoka."

Maneno yale yalikuwa mengi kuliko aliyonipa mwezi mzima. Na nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba nilimwelewa. Jembe likiwa linatembea, mtu yuko hai, atakuja kula. Ndivyo mwili wetu unavyojua.

Lakini hatukuwa peke yetu wenye masikio. Kwetu mlio wa jembe wakati wa msiba unasikika kuliko kengele ya kanisa. Niliwaona wanakuja kati ya migomba, wanawake saba au wanane, wamejifunga majani yao, na rafiki yangu yuko mbele. Hawakukimbia. Afadhali wangekimbia. Nikalinyakua lile jembe mkononi mwa mkamwana wangu.

Walipofika nikasema, "Ni mimi. Nimelima mimi."

Sijui kwa nini watu husema uongo wakati ukweli unaonekana. Miguu yangu ilikuwa safi kwenye kandambili, ina umande tu. Miguu ya mkamwana wangu ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Kila mtu pale alikuwa na macho.

"Kumbe," mke wa mwenye duka akasema. "Kumbe ndiyo maana mtu hajifungi. Si wazee walisema? Anayelima msibani..." Hakumaliza. Alimwangalia mkamwana wangu kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, na nikajua neno lililokuwa linakuja, lile la kurudi kwenu. Mkamwana wangu naye alilijua. Aliinamisha kichwa kulipokea.

Rafiki yangu akainua mkono. Akaitazama ile miguu yenye tope. Akanitazama mimi na jembe langu la kuazima. Mtoto wake alikuwa na wiki mbili ardhini, na sisi tulikuwa tumelima. Angetutukana, nisingemjibu. Angenipiga, ningesimama.

"Mvua ni nzuri mwaka huu," akasema. "Udongo unaita."

Akageuka akaondoka, na wengine wakamfuata, kwa sababu mwenye msiba ndiye anayefuatwa. Mke wa mwenye duka aliondoka wa mwisho. Mkamwana wangu akakaa chini pale pale kwenye ule mkeka wa udongo, na mimi nikabaki nimelishika jembe.

Alhamisi mkubwa wa wilaya akaja. Gari jeupe, viti vya plastiki vikapangwa, sisi tukakaa chini kwenye majani yetu. Nilikuwa nimevaa gauni la Krismasi. Nilikuwa nimeyakariri yale maneno mawili njia nzima, na nilikuwa nimeamua kuyasema yote. Sitajidai. Nilikuwa nimeamua. Nilifikiria kazi ya mtoto, nikafikiria ile "hapa hapa?" ya mtendaji, nikafikiria miguu yenye tope. Nikasema, mwanamke mzee, hii si vita yako, sema maneno yako mawili ukapike.

Mkubwa alizungumza vizuri. Alisema nyumba ya jirani ikiungua huwezi kulala kwako ukasema moto si wangu. Cheche hazina mpaka. Nikaona ni kweli. Nilikuwa natafuta mahali pa kumwona mwongo, nisipate. Halafu akauliza nani ametutuma. Kimya. Akauliza tunadai nini. Kimya. Rafiki yangu alikuwa amekaa mbele kabisa, ile bendera iliyokunjwa iko mapajani mwake. Mkubwa hakuitazama hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Si kwa aliyoyasema. Kwa mahali ambapo macho yake hayakwenda.

"Lakini tunaye hapa bibi shujaa," akasema, "bibi wa askari wetu. Bibi, simama utuambie."

Nikasimama. 

"Najivunia mjukuu wangu," nikasema.

Watu wachache kwenye viti wakapiga makofi. Mtendaji akanitikisia kichwa, endelea. Neno la pili lilikuwa kinywani, nalihisi kama kipande cha ndizi ya moto. Halikutoka. Likatoka lingine.

"Mheshimiwa, vita vile vya kwanza nilikuwa mke mchanga, nina mtoto mgongoni. Nduli aliingia Kagera na askari wake kutoka ng'ambo ya mto. Hatukuhitaji redio. Watu walipita hapa na magodoro kichwani, na mbuzi, na wagonjwa kwenye machela. Tukawapa askari ndizi zetu tukabaki na maganda. Mume wangu alikwenda kubeba risasi na hakuna aliyeuliza ni kwa nini, maana sababu ilikuwa ng'ambo ya mto tunaiona. Hii ya sasa siioni. Labda ipo. Umesema cheche, nimesikia. Lakini mimi siioni, na mama huyu haioni, na yeye ameshalipa. Mwoneshe basi."

 Nikaona mkono wa mtendaji umegusa kalamu zake.

"Na mimi nina swali moja dogo. Mjukuu wangu yuko hai?"

"Bibi," mkubwa akasema, taratibu, "habari za jeshi haziwezi kuzungumzwa hadharani hivi."

"Sikuulizi bunduki ngapi. Nauliza mtu mmoja."

Akageuza ukurasa wa daftari lake. Labda kweli hakujua. Nilikuwa bado nimeyashika majani ya mgomba mkononi, yamenyauka kwa kushikwa siku nyingi. Nikayainua. "Haya sijajifunga, na sitajifunga, kwa sababu wangu sijaambiwa amekufa. Lakini nitakaa hapa mpaka mama huyu ajibiwe." Nikaenda mbele, nikakaa kando ya rafiki yangu, matako yote mawili kwenye majani. Akasogea kidogo kunipa nafasi, basi.

Mkubwa akafunga daftari lake. "Umesikika, Bibi," akasema.

Ni neno zuri. Lilinikosesha usingizi wiki nzima.

Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na kibanja changu ilinisimamisha. Nilijiuliza kama nimemuuza mjukuu wangu kwa hotuba. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikakuta ukuta wa sebule uko wazi, misumari miwili mitupu inanitazama. Ndoo ikaniponyoka. Nikajua wamekuja, wameleta habari, na mkamwana wangu ameishusha picha kama inavyoshushwa ya marehemu. Nikamwita.

Akaja kutoka chumbani na mfuko. Ndani alikuwa ameweka kitambulisho chake, kadi ya kliniki ya utoto wake, cheti cha ubatizo, na juu ya vyote, picha.

"Wakija kuniuliza ni mtu wa wapi," akasema, "nitawaonesha huyu. Sina cheti kikubwa kuliko huyu."

Tuliipangusa maji ile sakafu sisi wawili. Mfuko aliuacha karibu na mlango.

Hakuna aliyekuja. Jumapili, tukiwa tumetoka ibadani, simu ikalia juu ya kinu. Mkamwana wangu aliipokea, akasikiliza, akaniwekea sikioni kwa mikono miwili kama anayeninywesha dawa.

"Bibi."

"Wewe."

"Umesema mbele ya mkubwa wa wilaya."

"Nani amekuambia?"

"Bibi, mtu alikurekodi. Huku mtandao ukirudi, una nguvu kuliko huko kwenu."

"Nimekuharibia?"

 Nikahesabu pumzi zake. "Mkuu wangu aliniita. Akanionesha ile video, akaniuliza, huyu bibi yako amesoma wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Darasa la nne. Akasema niende zangu."

Nilitaka kucheka, na nusu ya kicheko ilikuwa imeshatoka, ndipo nikasikia nyuma yake mshindo. Mkubwa, wa chini, unaingia mwilini kabla ya sikioni. Halafu mwingine.

"Hiyo ni nini?"

"Radi, Bibi."

Alijibu upesi mno. Radi naijua. Nimezeeka nazo, zinaanguka kwenye milima hii kila vuli. Radi haipigi mara mbili kwa kipimo kimoja.

"Mmepanda maharage?" akaniuliza.

"Hatujapanda."

"Pandeni, Bibi. Nikirudi nitakula nini?" Simu ikakatika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa rafiki yangu, bado na viatu vya kanisani. Nilimwambia yote, pamoja na ile radi, maana yeye singemficha. Alisikiliza.

"Sauti ilikuwa yake?"

"Yake."

Akainuka. Akalitoa jembe pale ukutani wazee walipoliegemeza. Nilifikiri anakwenda kwenye kibanja chake, nikashukuru kimoyomoyo. Akapita kibanja chake. Akapanda njia mpaka kwangu, mimi namfuata, mpaka kule mwisho chini ya mibuni, kwenye ule mkeka wa udongo ambao mkamwana wangu aliugeuza. Akalifungua fundo la majani ya mgomba kiunoni, akayalegeza tu, akayafunga tena. Akapiga jembe mara tatu. Mkamwana wangu alikuwa amesimama kati ya migomba, mkono mdomoni.

"Limeni," rafiki yangu akamwambia yeye, si mimi. "Hapa kuna mtu wa kula."

"Na kwako?" nikauliza.

"Kwangu hawajanijibu."

Wazee walibishana siku mbili kama matanga yanaweza kuondolewa kwenye kibanja cha mtu mwingine. Siku ya tatu hapakuwa na mtu wa kubishana naye, kitongoji kizima kilikuwa shambani. Tulipanda tumechelewa. Maharage yalitoka membamba, maganda yana punje mbili mbili, lakini yalitoka.

Kibanja cha rafiki yangu hakijalimwa mpaka leo. Nyasi zimefika dirishani. Magari ya wilaya yakipita yanaongeza mwendo hapo. Tunampelekea chakula kwa zamu, na wa kwanza kwa zamu, nani angedhani, ni mke wa mwenye duka. Mimi kila asubuhi, nikishalima kidogo, nakwenda kukaa naye kwenye majani. Picha nimeirudisha ukutani. Mfuko wa mkamwana wangu bado uko karibu na mlango.

Mtoto hajapiga tena tangu siku ile. Wanasema mtandao wa huko umekatika, na mimi nasema sawa. Mvua zikikusanyika upande wa magharibi, radi ikaunguruma, rafiki yangu na mimi tunanyamaza katikati ya neno, tunasikiliza kama itapiga mara ya pili kwa kipimo kile kile.